Choo cha Chicago, bomba la Nyarugusu

Kikao kilianza saa tisa kamili alasiri. Mimi nilifika saa tisa na dakika saba, nikatozwa faini ya shilingi mia mbili kama mwanachama yeyote. Nilijaribu kujitetea kwamba mimi ni mgeni. "Dada muandishi, huku masaa ni masaa," akasema mama mmoja kwa Kiswahili chake cha Fizi, akaninyooshea bakuli la faini. Nikalipa, nikakaa kwenye ukingo wa mkeka.

Hapo ni kambi ya Nyarugusu, karibu na Makere, wilayani Kasulu. Mimi ni mtoto wa Kasulu. Kambi ilipofunguliwa mwishoni mwa 1996 kwa ajili ya Wakongo waliokimbia vita Kivu Kusini na kuvuka Ziwa Tanganyika, nilikuwa darasa la pili. Kwetu sisi watoto, mkimbizi alikuwa mtu wa foleni: foleni ya unga, ya maji, ya mafuta. Nilipokuwa mwandishi wa habari sikubadilika sana. Niliandika kuhusu kambi kwa takwimu nilizopewa na ofisi, nikarudi mjini kabla ya giza. Kwamba watu wale wana vikao, ajenda na kumbukumbu zilizosainiwa, sikuwahi kuuliza.

Kikundi hiki hukutana kila wiki. Katikati ya mkeka liko sanduku la chuma lenye kufuli tatu, na kila ufunguo unakaa na mtu tofauti, ili asiwepo mmoja wa kulifungua peke yake. Kwanza zinanunuliwa hisa, halafu inachangwa hela kidogo ya mfuko wa jamii kwa ajili ya msiba na ugonjwa. Ukiwahi kukaa kwenye kikoba cha mtaani kwako, unaujua utaratibu huu. Asili yake ni Niger, ambako shirika la CARE lilianza na vikundi vya wanawake mwaka 1991. Kutoka huko ukasambaa hadi kwetu.

Ila kilichonishangaza kilikuja baada ya sanduku kufungwa. Mwenyekiti alisema, "Sasa mambo ya watu." Hapo nikakumbuka historia ya mbali kabisa.

Tarehe 23 Februari 1905, jijini Chicago, mwanasheria Paul Harris alikutana na wenzake watatu katika ofisi ya mmoja wao. Walikuwa watu wa biashara na taaluma waliohisi upweke katika jiji kubwa. Wakakubaliana kukutana kwa zamu, leo ofisini kwa huyu, kesho kwa yule, na mzunguko huo ndio ulioipa Rotary jina lake. Mwanzoni walikuwa wakisaidiana wao kwa wao tu, kama kikoba chochote. Mwaka 1907 wakaanza kudai jambo la wote, nalo lilikuwa choo. Walitaka vyoo vya umma karibu na jengo la halmashauri ya jiji, kwa sababu aliyebanwa mjini ilimbidi aingie baa au dukani. Wenye baa na wenye maduka makubwa walipinga, maana mteja aliyebanwa ni mteja. Lakini vyoo vilijengwa.

Leo tunaijua Rotary kwa chakula cha mchana hotelini na kampeni ya polio. Klabu ya Nairobi ilianzishwa 1930, enzi za ukoloni, na unaweza kukisia nani walikaa mezani. Wanawake nao walisubiri sana: mlango ulifunguka baada ya kesi iliyofika Mahakama Kuu ya Marekani mwaka 1987. Hata hivyo mimi napenda kuikumbuka kwa kile choo.

Maana ajenda ya Nyarugusu siku ile ilikuwa bomba. Maji yalikuwa yanatuama chini yake, mbu wanazaliana, na wavulana wenye nguvu walikuwa wanasogeza ndoo za wazee nyuma ya foleni. Walibishana karibu saa nzima. Mwisho wakaamua mambo matatu: kuchimba mfereji Jumamosi, kuweka wamama wawili wa zamu asubuhi, na kumwandikia barua kiongozi wa eneo.

Sasa, tusijidanganye kwamba mkeka ule ni sawa na ofisi ya Chicago. Wale wanne wangeweza kumnyima kura diwani aliyewapuuza. Hawa hawana diwani. Sheria ya Wakimbizi ya 1998 inawataka wakae katika eneo walilopangiwa, na kutoka kambini ni kwa kibali. Kule Nakivale, kusini-magharibi mwa Uganda, mambo ni tofauti kidogo: mkimbizi hupewa kipande cha ardhi na ana nafasi zaidi ya kutembea. Huko, mwaka 2016, vijana wakimbizi walianzisha klabu ya Rotaract, na mmoja wa waanzilishi wake, Mkongo Paul Mushaho, ameisimulia kazi yao mbele ya dunia. Nyarugusu, barua ya bomba inaishia kwa kiongozi wa eneo.

Nilimuuliza katibu kama barua kama hizo hujibiwa. "Zingine," akasema. Kwa nini basi wanaziandika? Akanionyesha daftari: tarehe, waliohudhuria, wasiohudhuria, hoja, uamuzi. "Siku moja watatuambia turudi. Hili tutaenda nalo."

Hakuwa anatania. Kambi ya Mtendeli, kule Kakonko, ilifungwa mwaka 2021 na watu wake wakahamishwa. Ripoti za idadi zimebaki ofisini. Madaftari ya namna hii yalikwenda wapi? Sisi tunaoandika historia ya uwanda huu tungetakiwa tuwe tumeyatafuta zamani.

Kabla ya sala ya kufunga, katibu alisoma kumbukumbu za siku ile kwa sauti. Mwishoni nikasikia nilivyoandikwa: "Mgeni mmoja, muandishi. Alichelewa. Alilipa."