Usiicheke Probox ya Mzee

Nyinyi mnaoicheka Probox ya mzee, mnajua imetoka wapi? Zamani gari ya familia ilikuwa Peugeot 504, ikiunganishwa humu humu Kenya, na walioimudu walikuwa wachache. Miaka ya 90 soko likafunguka, mitumba ya Japani ikamiminika Kilindini. Probox ilizinduliwa huko 2002, gari ya kazi. Sisi tukaifanya ya familia: wiki nzima mzigo, Jumapili mama na watoto.

Sheria inataka gari inayoingia nchini isizidi miaka 8. Ikishavuka geti la bandari, umri wake ni juu ya fundi. Chumvi ya Likoni inaila chini, springi zinalia, lakini spea Kisauni hazikosi. Japani waliichoka, Changamwe ndiko inakozeekea. Kabla hujaicheka, uliza imesomesha wangapi.