Saa ya Mkono na Kadi ya Kazi katika Usambara

Watu wakusanyao saa za kale za mkono wana mapenzi yanayostaajabisha. Miongoni mwa Rolex na Omega zilizotengenezwa katika miaka ya 1950 na 1960, zimo zenye uso mweusi uliobabuka kwa jua na unyevu hata ukawa wa rangi ya kahawia. Uso huo huitwa wa kitropiki, na katika minada ya Geneva waweza kuipandishia saa bei kupita nyingine ya aina yake isiyobabuka. Fundi akiupaka rangi upya huiharibia saa thamani yake. Hivyo jua la nchi za joto limegeuka kuwa sonara.

Hapo kwanza saa ya mwanamume ilikaa mfukoni, imefungwa mnyororo. Ya mkononi ilihesabiwa kuwa pambo la wanawake. Vita vya 1914 hadi 1918 viliigeuza desturi hiyo, kwa maana afisa aliyeshika hatamu au bastola hakuwa na mkono wa kupekulia mfuko. Mafundi waliunga vishikio vya waya ili ukanda upite, wakapaka tarakimu radiamu ing'aayo gizani. Vita hivyo vilifika Usambara pia. Mnamo Juni 1916 majeshi ya Jenerali Smuts, yakishuka kandokando ya reli na mto Pangani, yaliiteka Wilhelmstal, mji ambao leo ni Lushoto.

Lakini Wasambaa walikuwa wamekwisha kuhesabiwa wakati wao kabla ya hapo, tena kwa karatasi. Reli iliyoanzwa Tanga mwaka 1893 ilifika Mombo, chini ya milima, mwaka 1905, na walowezi waliokuwa juu wakalia kwa uhaba wa vibarua. Katika mwaka 1907 serikali ya Kijerumani ya wilaya ikatoa kadi. Kila mwanamume asiyekuwa na kazi ya kudumu ilimpasa kumtumikia Mzungu siku 30 katika kila miezi 4, kwa ujira uliokwisha kupangwa. Shamba lake mwenyewe, mvua zikinyesha, lilingoja.

Hata lugha za mahali pale hazikupatana juu ya wakati. Mshale wa saa ya bwana ulipoelekea 7 asubuhi, kwa Kiswahili ilikuwa saa moja, kwa kuwa siku huanza kuhesabiwa jua lichomozapo. Kadi haikujali hesabu hizo mbili. Yenyewe ilihesabu siku.

Mkusanyaji wa leo afunguapo mfuniko wa nyuma hutafuta namba na alama ya jeshi, akauliza saa ilivaliwa na nani, na katika vita gani. Kadi za Wilhelmstal hazikuwa na dhahabu wala mashine ya kuulizwa habari zake. Zilikuwa karatasi, na unyevu ule ule uipandishiao saa bei, karatasi huiozesha.