Uzi wa Wafumaji wa Shetland

Tupewapo shali iliyofumwa kwa mkono, twaifurahia, wala hatuuulizi uzi wake ulipatikanaje. Katika visiwa vya Shetland, kaskazini ya Uskoti, wanawake walikuwa mafundi wa kufuma sufu. Mwaka 1837 Malkia Victoria alitunukiwa soksi za huko na Arthur Anderson. Lakini wenye maduka mara nyingi waliwalipa wafumaji chai na nguo, si fedha. Nao uzi ulikuwa bidhaa ya fedha taslimu, hata mwenye shali asiupate kwa shali yake. Mwaka 1872 wanawake hao walimweleza mchunguzi wa serikali hayo yote waziwazi. Chanda chema huvikwa pete. Basi tusikinyime uzi.