Mundu katika Damu

Mnamo mwaka 1865, mbele ya jumuiya ya wapenda sayansi wa mji wa Brno, mtawa Gregor Mendel alisoma makala juu ya njegere. Alikuwa amezipandanisha kwa miaka 8, mimea mirefu kwa mifupi, na kuhesabu kila kizazi. Alichokigundua ni kuwa sifa za wazazi hazichanganyiki kama maziwa na chai: kila mzazi hutoa fungu lake, ambalo baadaye liliitwa jeni, na fungu hilo laweza kujificha kwa mtoto likaja kuibuka kwa mjukuu. Makala ilichapishwa 1866, ikasahauliwa hadi 1900, miaka 16 baada ya kufa mwandishi wake.

Kwa watu wa mwambao na visiwa vyake, kanuni hiyo haikuishia kwenye njegere. Mwaka 1910 James Herrick, daktari wa Chicago, alieleza kisa cha mwanafunzi wa udaktari wa meno, mzaliwa wa kisiwa cha Grenada, ambaye chembe nyekundu za damu yake zilijipinda mfano wa mundu. Maradhi yenyewe yalikuwepo kabla ya darubini: watoto wa kuvimba vidole, kuumwa na mifupa, kupungukiwa damu na kufa wadogo. Sababu ilitafutwa kwa jirani mwenye husuda, au kwa shetani, na khasa kwa mama. Husemwa kwao kuna damu mbaya, na si ajabu talaka ikafuata.

Mwaka 1949 James Neel alithibitisha kuwa selimundu hufuata hesabu ya Mendel. Mtoto huugua anaporithi jeni yenye kasoro kwa baba na nyingine kwa mama. Mwenye moja tu kwa kawaida haumwi, wala hajui kuwa anayo. Wawili wa namna hiyo wakioana, kila mimba ina uwezekano wa 1 kati ya 4 wa kuleta mgonjwa, na hesabu huanza upya kila mara. Aliyekwisha kuzaa mgonjwa hakumaliza zamu. Basi mume aliyemtaliki mkewe kwa jambo hilo amefukuza nusu ya sababu, na nusu ya pili amebaki nayo mwilini.

Lakini kama kasoro hii huua watoto, mbona haikutoweka? Mwaka huohuo wa 1949 Anthony Allison, kijana aliyekulia Kenya na kusoma Oxford, alikusanya damu za watu wa Kenya. Mwambaoni na kandokando ya Ziwa Viktoria, zaidi ya watu 20 katika kila 100 waliibeba jeni hiyo. Nyanda za juu hawakufika 1. Ramani yake ilikuwa ramani ya malaria. Aliporudi 1953 aliwapima watoto 290 wa Kiganda: kati ya wabebaji 43, wenye vimelea walikuwa 12; kati ya 247 wasiobeba, 113. Kisha akawaambukiza kwa makusudi Waluo 30 waliojitolea. Wabebaji 15 walipata vimelea 2 tu; wenzao 15 walipata 14. Hao waliotoa miili yao vitabu huwataja kwa idadi tu, na Allison kwa jina.

Yaliyochapishwa 1954 yalikuwa, basi, khabari ya biashara ya kikatili: jeni moja humkinga mtoto na homa, mbili humuua. Mwaka 1957 Vernon Ingram alionyesha kuwa tofauti yote imo katika kiungo kimoja tu cha mnyororo mrefu wa protini.

Unguja na Pemba, kwa dawa mpya zilizoanza 2003 na vyandarua vilivyofuata, malaria imeshuka mno. Jeni haikuondoka nayo. Imepoteza kazi yake ya ulinzi, lakini itachukua vizazi vingi kupungua, kwani wengi walio nayo hawaumwi, huoana, na huzaa bila kupimwa.