Karabai, Mtungi na Matope ya Mida: Tarehe ya Hewa Ziwakazo

Mwenye kushuka hori ya Mida, nyuma ya mji wa Watamu, maji yakiwa yamekupwa na mikoko imesimama wazi juu ya mizizi yake, akatia mguu katika lile tope jeusi, aghalabu huona mapovu yakipanda na kupasuka, na pua yake hupokea harufu kama ya yai viza. Harufu hiyo ni ya salfa, wala siyo ninayokusudia kuisimulia. Walakini katika mapovu yayo hayo imo methani, hewa isiyo na rangi wala harufu, ambayo huzaliwa na vijidudu vinavyokula majani yaliyooza mahali pasipofika hewa safi. Methani ya matope ya pwani ni chache kuliko ya vinamasi vya bara, kwa kuwa vijidudu vya salfa, vinavyostawi kwa chumvi ya bahari, huwahi chakula kabla ya wenzao.

Mtaliana Alessandro Volta ndiye aliyeichunguza hewa hii mwaka 1776, kando ya Ziwa Maggiore, alipokoroga tope kwa fimbo, akayanasa mapovu chupani, akayawasha. Waliomfuata ndio waliotambua kwamba methani ina ndugu wengi, ambao hawakuundwa ila kwa vitu viwili: kaboni, iliyo asili ya makaa, na haidrojeni, iliyomo katika maji. Methani ina chembe moja ya kaboni na nne za haidrojeni. Ethani ina mbili kwa sita. Propani, tatu kwa nane. Butani, nne kwa kumi. Na kadiri nasaba inavyorefuka ndivyo hewa inavyozidi uzito na kukaribia kugeuka maji. Mwenye kutaka ushahidi na akiinue mbele ya mwanga kiberiti cha gesi cha dukani: ataona kitu mfano wa maji kikicheza ndani yake, nacho ni butani iliyobanwa, ambayo huchemka kwenye baridi ya karibu nyuzi sifuri, na ambayo kwa joto la Watamu ingetoweka mara moja lau si ukuta ule mwembamba wa plastiki kuizuia.

Wazee wetu walizitumia hewa za ukoo huu kabla ya kuzijua majina. Mkungu wa ndizi ukivundikwa shimoni, ukafukizwa moshi na kufunikwa majani, huiva kwa siku chache, kwa sababu moshi una ethilini, na tunda lenyewe likianza kuiva huitoa hewa hiyo hiyo na kuwaharakisha wenzake. Mwaka 1901 Mrusi Dimitri Neljubov alibainisha kuwa ethilini iliyovuja katika gesi ya taa ndiyo iliyopinda miche yake ya njegere. Mama wa Kigiriama au wa Kiswahili aliyefunika shimo lake hakuhitaji kungoja habari hiyo ili ndizi zake ziive.

Lakini katika ukoo wote huo, iliyoacha athari kubwa kabisa katika lugha yetu ni asetilini. Edmund Davy aliipata mwaka 1836 huko Ireland, ikakaa miaka mingi bila kazi ya maana, hata mwaka 1892 Thomas Willson, mtu wa Kanada aliyekuwa akifanya majaribio yake Marekani, alipochoma chokaa pamoja na lami katika tanuri la umeme akitafuta madini, akapata badala yake jiwe la kijivu ambalo, lilipotiwa majini, lilitoa hewa yenye kuwaka. Jiwe hilo ndilo kabaidi, na naamini ndilo lililotupa jina la karabai. Leo asemaye karabai huenda akakusudia taa ya mafuta yenye pampu. Lakini ya asili ilikuwa na vyumba viwili, cha juu cha maji na cha chini cha mawe, na mwenye kuiwasha alifungua bilula ndogo, maji yakadondoka tone tone, mawe yakachemka kwa sauti ya kufoka, harufu kama ya kitunguu saumu ikatoka, kisha akatia kiberiti mdomoni mwa taa, ukazuka mwali mweupe ulioyapita mataa yote ya utambi.

Jambo ninalopenda msomaji alizingatie ni masalio yake. Kabaidi ikimaliza kutoa hewa, chumba cha chini hubaki na uji mweupe, na uji huo ni chokaa iliyozimwa, kitu kile kile walichokichanganya mafundi waliojenga Gede, maili chache kutoka Watamu, waliochoma matumbawe wakazima chokaa yake kwa maji na kupaka kuta ambazo James Kirkman alianza kuzichimbua mwaka 1948. Mtu wa pwani aliyemwaga uji wa karabai yake uani alikuwa akimwaga udongo wa kujengea misikiti ya mababu zake.

Taa hiyo imekwisha kazi, ila hewa yake haijaisha, kwani ikichanganywa na oksijeni hutoa moto upitao nyuzi 3000, nao ndio unaokata na kuunga vyuma. Kabaidi pia hutumiwa na wachuuzi kuivisha maembe, na hili nalilaumu waziwazi, maana jiwe hilo huwa na uchafu wa aseniki na fosforasi, ilhali kuvundika kwa moshi hakudhuru hivyo.

Tukirudi kwa methani, kwa kuwa haigeuki maji ila kwenye baridi ya nyuzi 162 chini ya sifuri, husafiri kwa bomba: ile ya kisiwa cha Songo Songo, Tanzania, iliyogunduliwa mwaka 1974, hufika Dar es Salaam tangu 2004 kuzalisha umeme. Watamu hatuna bomba. Tuna mtungi wa propani na butani, wa kilo 6 au 13, ubebwao kwa pikipiki hadi mlangoni. Mtungi huo ukitumika kwa nguvu huwa baridi na kutoa jasho, kwani gesi inapochemka ndani huchukua joto la chuma chake. Kila nyumba inayoupata hupunguza gunia la makaa, na makaa yetu tunajua yanakotoka: msitu wa Arabuko-Sokoke, na mara nyingine mikoko ya Mida yenyewe. Kwa hiyo naona kodi yoyote inayopandisha bei ya mtungi ni kodi inayolipwa na msitu.

Ila gesi hii ni nzito kuliko hewa, hutambaa sakafuni, na harufu yake ni ya kutiwa, desturi iliyoenea baada ya shule ya New London, Texas, kulipuka mwaka 1937 kwa gesi isiyonuka na kuua karibu watu 300. Ukiisikia harufu hiyo, usiwashe taa wala kiberiti. Funga mtungi, fungua milango, utoke. Na kama katika ghala la babu yako imebaki karabai ya vyumba viwili, hata iwe imeliwa na kutu, usimuuzie mnunuzi wa vyuma chakavu. Muulize aliyeitumia ilikuwaje, uandike majibu yake, kisha uipeleke makumbusho ya Gede.