Sarufi ya Kihispania ilianza pembezoni mwa kitabu

Sisi tuliofundishwa Kilatini tumezoea kudhani kwamba lugha yenye kanuni ni ile yenye buku la sarufi, na kwamba lugha za shambani na sokoni hazina mpango. Historia ya Kihispania yatuonyesha kinyume. Kanuni ilikaa kwanza katika vinywa vya watu, na buku likafuata nyuma sana. Tena walioanza kuitafuta hawakuwa watu wa mfalme, bali watawa waliotaka kufahamu mahubiri.

1. Watawa wa San Millán

Katika inchi ya La Rioja, kaskazini mwa Hispania, iko monasteri ya San Millán de la Cogolla. Huko kilitumika kitabu kimoja cha Kilatini, ambacho leo chatunzwa Madrid. Katika karne ya 11, au labda mwisho wa karne ya 10, mkono wa mtawa asiyejulikana jina uliandika ndani yake maelezo zaidi ya 1,000, juu ya mistari na pembezoni. Mengi ni ya Kilatini chepesi, mengine ni ya lugha ya watu, na mawili ni ya Kibaski.

Kazi yake ilikuwa ya namna mbili. Ya kwanza ni maana, ambayo wenye elimu huiita semantiki. Penye neno «incolomes» aliandika «sanos et salbos», yaani wazima na salama. Penye «repente», maana yake ghafula, aliandika «lueco». Neno hilo lingaliko hata leo: ni «luego». Lakini Mhispania wa leo akikuambia «luego», mara nyingi ataka kusema baadaye! Neno lilibaki, maana ikahama. Basi anayeshika maneno bila kuangalia maana yake ya sasa, aweza kumwambia mtu «baadaye» akidhani amesema «mara moja».

Namna ya pili ni mpango wa maneno, ndiyo sintaksi. Juu ya maneno ya Kilatini mtawa alitia herufi za alfabeti, ili kuonyesha lipi lisomwe kwanza na lipi lifuate. Pengine aliongeza neno dogo la kuuliza «nani?», ili kumtambulisha mwenye kutenda. Kwa nini alipata taabu hiyo? Kwa sababu katika Kilatini mwisho wa neno ndio unaosema nani atenda na nani atendewa. «Petrus Paulum videt» na «Paulum Petrus videt» ni sawasawa: Petro amwona Paulo. Watu wa inchi ile walikuwa wameiacha miisho hiyo. Kwao Petro alikuwa Pedro tu, atende au atendewe.

Je, walibaki bila kanuni? Hapana. Walijipatia nyingine. Mhispania asema «veo la casa», naona nyumba. Lakini kwa mtu husema «veo a Pedro». Herufi ile «a» yatangulia mtu anayetendewa, wala haitangulii nyumba. Nasi je? Twasema «naona nyumba», lakini «namwona Petro». Twatia «m» kwa ajili ya mtu. Lugha mbili zisizo na undugu zimempa mtu alama yake. Vilevile Mhispania ana maneno mawili pale Kilatini kinapotosheka na «esse». «Es listo» ni mtu mwenye akili. «Está listo» ni mtu aliye tayari. Hayo hakuyatunga mwalimu yeyote. Walimu waliyakuta.

2. Sarufi ya Nebrija

Zilipita karne nne au zaidi. Tarehe 18 Agosti 1492, mjini Salamanca, ilimalizika kuchapwa sarufi ya Kikastilia ya Antonio de Nebrija, mwalimu ambaye mwaka 1481 alikuwa ametoa buku mashuhuri la Kilatini. Kitabu chake kina sehemu tano. Ya nne ni juu ya mpango wa maneno, ya tano ni kwa wageni wanaojifunza.

Nebrija mwenyewe asimulia katika dibaji kwamba Malkia Isabel alimwuliza kazi hiyo yafaa nini. Askofu wa Ávila, Hernando de Talavera, alimjibu badala yake: mataifa yatakayoshindwa yatapokea sheria za mshindi na lugha yake pia. Jibu hilo sherti tulipime. Lugha iliyokuwa imedharauliwa mbele ya Kilatini, sasa ilitaka kuzidharau nyingine.

Lakini Talavera huyohuyo, alipofanywa Askofu Mkuu wa Granada, aliona kwamba watu wake walisema Kiarabu. Alitaka mapadri wajifunze, na mtawa Pedro de Alcalá akachapa sarufi ya Kiarabu mwaka 1505. Njia hiyo haikudumu. Mwaka 1567 serikali ya Mfalme Felipe II ilikataza Kiarabu katika Granada, na mwaka uliofuata maasi yakatokea.

3. Hata Kongo

Mzozo wa njia hizo mbili ulivuka bahari. Huko Peru Domingo de Santo Tomás alitoa sarufi ya Kikechua, iliyochapwa mwaka 1560. Kwetu, kati ya Wakapusini waliofika Kongo mwaka 1645 walikuwamo Wahispania. Mwaka 1652 mwenzao Joris van Gheel, mtu wa Flandria, alinakili kamusi ya Kilatini, Kihispania na Kikongo. Mwaka 1659 Padri Giacinto Brusciotto alichapa Roma sarufi ya Kikongo. Hakuwalazimisha Wakongo kuwa na miisho ya Kilatini. Aliona kwamba majina yao hupangwa kwa mwanzo wa neno, akayagawa hivyo.

Basi wafratri na wakatekista, mkiandika maana pembezoni mwa vitabu vyenu, mwafanya kazi ya San Millán. Msiulize kwanza kama lugha ya kijiji ina sarufi. Ulizeni nani atenda, nani atendewa, na neno hili leo lina maana gani kwa mama anayewasikiliza.