Karao Akikushika Leo, Unajua Ufungue Katiba Wapi?

Manze, Katiba ya 2010 ina vifungu 264. Usistuke. Hiyo si hadithi ya kusoma mwanzo hadi mwisho. Imepangwa ndio utafute kitu yako, uipate, usonge. Rada ni hii:

Yaliyomo: Iko mbele. Inakuonyesha sura zote 18. Haki zako ziko Sura ya 4.

Vichwa: Kila kifungu kina namba na kichwa chake. Cha 49 ni cha mtu ameshikwa: lazima uambiwe mbona umeshikwa, unaweza nyamaza, na ufikishwe kortini ndani ya saa 24.

Vipengele: Usiishie kwa kichwa, shuka chini. Hapo ndio utajua saa 24 zikiishia wikendi, unangoja hadi siku ya korti inayofuata. Wengi hushikwa Ijumaa na hawajui hii.

Maana ya maneno: Kifungu cha 260. Huko "kijana" ni mtu amefika 18 lakini hajafika 35.

Majedwali: Yako nyuma. La Nne linagawa kazi za kaunti na serikali kuu.

Sasa piga skrinshoti ya Kifungu cha 49 na utumie mabeshte. Ukiwa ndani ya mariamu, hakuna time ya kutafuta.